Rafiki Yangu Ameifuta Njia ya Kijiji Kushinda

Ndugu wanamapambano, ninyi maelfu mliozoea kuusoma ukurasa huu mkiwa kimya, leo naomba msinyamaze. Nina miaka ishirini na minne, namaliza masomo ya historia hapa Kasongo, na katika kila mgomo wa wanafunzi ni mimi niliyepanda juu ya benchi kuhutubia. Nimewafundisha wengi kutomwogopa msaliti. Sikujua kwamba wangu ningekuwa nakula naye sahani moja.

Kwa miaka miwili mimi na rafiki yangu, nitakayemwita Faraji, tumekuwa tukitengeneza mchezo wa simu kuhusu nchi yetu hii wakati wa misafara ya pembe za ndovu. Yeye anaandika programu. Mimi nabuni namna za kushinda. Mchezaji akiwa mkuu wa msafara, anashinda kwa kufikisha pembe kwenye mto Lualaba. Akiwa afisa wa kizungu, anashinda kwa kusimamisha bendera katika kila boma. Lakini mimi niliuliza swali ambalo shuleni hatukuulizwa: mwanakijiji aliyekuwa akikimbia asitekwe, yeye alishindaje? Maana alishinda, ndugu zangu. Asingeshinda, sisi tusingekuwapo.

Jibu nililipata kwa Koko, mama aliyemzaa mama yangu, mkulima wa kijiji kimoja cha Kabambare. Alinisimulia kwamba misafara ilipokaribia, hakuna nyumba iliyoficha mbegu zake yenyewe. Kila nyumba ilizipeleka kwa nyumba nyingine. "Ukificha zako mwenyewe," alisema, "wakikukamata, wewe na mbegu munapotea pamoja. Ukimuwekea mwenzako, yeye iko na sababu ya kukutafuta." Hatari ikipita, watu walitafutana porini, huyu akimrudishia yule. Kijiji kilihesabiwa kimepona siku mbegu ya mwisho iliporudi kwa mwenyewe.

Hiyo ndiyo niliyoifanya njia ya tatu. Mchezaji wa kijiji hana jeshi wala bunduki, na ramani haimwonyeshi kitu. Lazima akumbuke nani kamwekea nani. Tulipowajaribisha wenzetu, msichana mmoja alishinda akiwa amebakiwa na nyumba nne kati ya kumi na mbili. Akaiweka simu mezani, akazitaja moja moja nyumba nane zilizopotea. Faraji akanipiga begani: "Mwalimu, hii njo roho ya muchezo. Zile zingine ni kelele." Nilimwamini.

Mwezi uliopita nilikwenda Kabambare kumwuguza Koko. Barabara ile mnaijua: pikipiki inazama matopeni, mzigo unaishia mtoni. Kwa hiyo nikatenda kama mjukuu wa Koko. Daftari langu la kanuni na kadi ya kumbukumbu yenye nakala pekee niliyokuwa nayo ya njia ile nikamwekea Faraji, na sababu nikamweleza. Alicheka: "Basi mimi njo nyumba ya mbegu zako."

Niliporudi nilimkuta katika ukumbi wa wanafunzi, akiuonyesha mchezo mbele ya watu na mfanyabiashara wa Salamabila, mwenye kibanda ambamo wachimbaji dhahabu huchaji simu, anayetaka kuusambaza huko. Nikautafuta upande wa kijiji. Haukuwapo. Kijiji chenyewe kilikuwapo, kwa jina lile lile la kijiji cha Koko, lakini sasa ni kitu cha kutekwa. Mkuu wa msafara akiivamia nyumba, mbegu zilizowekwa humo zinang'aa na kumwelekeza kwa mwenyewe, ili akamkamate naye. Mnanielewa? Uaminifu wa watu wale umegeuzwa kuwa njia ya kuwakamatia. Na ukumbi ulishangilia.

Nikamvuta nje.

"Faraji, kijiji iko wapi?"

"Iko pale. Haukuiona?"

"Niliona mateka."

"Ndugu, mutu ametoka mu shimo, amechoka, unamuambia akumbuke mbegu ya jirani? Anataka kushinda mbio mbio. Muchezo haiko darasa, mwalimu."

"Basi nipe daftari yangu."

"Daftari gani? Na usinipigie hotuba, hapa haiko mgomo."

Koko alipona. Alinipigia simu akauliza: "Watoto wanacheza? Mbegu wanazipata?" Nikasema wanazipata. Kesho yake aibu ikanishinda, nikampigia na kumwambia kweli.

"Mwenye kuwekewa mbegu hashitakiwi mbele ya watu," akasema. "Ukimushitaki, atasema hakuwekewa kitu, na utapoteza mbegu na mutu. Unaenda kukaa kwa mulango wa mama yake, na kikapu kitupu, bila neno. Hautoki pale mpaka wakujibu."

"Na wasiponijibu, Koko?"

"Unakaa."

Ndiyo maana hapa nimeficha majina ya watu wote, ili nisiwe tayari nimeshitaki. Lakini mimi ni mtu wa maneno. Hotuba yangu imekwisha kuandikwa, kurasa saba, na ukumbi ule naujua. Nikipanda benchi nitautia mkononi. Umoja wetu wa wanafunzi unakutana Jumamosi kuamua kama mchezo utoke kwa jina letu, na mfanyabiashara anaondoka nao siku ile ile. Nikihutubia, huenda nikauzuia, lakini daftari sitaliona tena, wala Faraji. Nikikaa mlangoni, huenda nikarudishiwa vyote, na huenda siku ikapita kimya huku wachimbaji wa Salamabila wakipelekewa mchezo ambamo babu zao hawawezi ila kukamatwa. Siwezi kuwa mahali pawili.

Ninyi msionijua, nipeni shauri: nisimame ukumbini, au nikae mlangoni? Kikapu ninacho. Mama yake Faraji hufungua mlango saa kumi na mbili asubuhi. Mkutano ni saa tatu.