Dawa ya Rwambuzi nzima mu kopo moja ya maziwa: ginsi nilishikwa ku mupaka ya Uganda

Wakuu, salamu kwenu wote, wa Bunia na wa mbali.

Naandika na kidole moja. Masomo yangu iliishia ku darasa ya tatu, kwa hiyo maneno ikienda mu pori muifuate polepole, mutaikuta. Lakini yenye nasema hapa iko kweli. Muke wangu amekaa pembeni, na kila nikiongeza chumvi kidogo ananivuta sikio.

Nataka kusema juu ya dawa ya kununua mu inchi ya watu. Lakini nianze na paka.

Wakati ningali kijana kazi yangu ilikuwa juu ya lori ya viazi, Kpandroma mpaka Bunia. Nafunga kamba, nalala juu ya mifuko. Siku moja mama moja wa Kpandroma akanipatia kitunga, juu imeshonwa na kitambaa.

— Mutoto wangu, peleka kwa binti yangu Bunia. Usifungue.

Sikufungua. Kwetu mutu akikupatia komisio, kitu ya kumufikishia mwingine, hauulizi-ulizi. Na ukishaishika, mu njia inakuwa yako. Mutu akisema "ya nani?", unajibu "yangu". Hiyo njo heshima. Ukianza kusema "ni ya mama fulani, mi sijui ndani kuko nini", watakuona mutu wa kutupa vitu vya wenzake.

Tukafika Iga Barrière. Askari akapanda juu kuangalia mizigo, akakanyaga kitunga, kitunga ikalia. Kitambaa ikapasuka. Paka ikatoka, kubwa, rangi ya jivu, na hasira ya njia nzima.

— Paka ya nani?

— Yangu, shefu.

— Yako? Basi iite.

Wakuu, sikujua jina yake.

Niliita "pusi". Niliita "mama, kuja". Niliita mpaka majina ya dada zangu. Watu wa soko walikuwa wamejaa, wanacheka wanashika mbavu. Paka ikaniangalia kama mutu hatujawahi kuonana. Ikashuka ku gurudumu, ikavuka barabara, na haikukimbia, ilitembea tu. Ikaingia mu majani ya upande wa pili.

Mpaka leo.

Muke wangu anasema nimeshapotea njia. Sijapotea.

Sasa tuingie ndani.

Ilikuwa ule wakati barabara zimeanza kufunguka tena, wakati siye tuliita amani lakini kila mutu alilala na ufunguo mukononi. Shemeji yangu Zakaria, kaka ya muke wangu, alikuwa amekuja kukaa kwangu, hapa Rwambuzi, mutaa ya Bunia. Yeye ni mulimaji wa upande wa Djugu. Walikimbia vita kule siku ya mvua, amevaa buti ya mvua, na tangu siku ile hakuvua buti kwa kulala. Anapanda nayo ku kitanda. Dada yake alifua mashuka mpaka akachoka kugombana.

Na kulala kwenyewe, halali. Anaangalia mulango. Mutu alikuwa anaisha hivi tunamuona. Jembe inamuponyoka, anaanguka mu ibada pastori akingali kusema neno ya kwanza.

Kuko jirani alimupatia siku moja kidonge kidogo nyeupe. Zakaria akalala, wakuu! Alilala mpaka tukaweka sikio ku pua yake kuhakikisha. Alipoamka alikula sahani mbili akauliza kama kuko ingine. Kidonge ile inaitwa diazepamu. Halafu ku maduka ya Bunia ikapotea.

Njo wakati ule mutoto wa dada yangu akaolewa kule Uganda, mi nikatakiwa kwenda. Muke wangu akaniambia kitu moja tu:

— Kaka yangu. Usirudi bila usingizi ya kaka yangu.

Habari ya safari ikisikika Rwambuzi, hauna haja ya redio. Papa Kasereka, muchuuzi wa vitambaa, akaja na mugongo yake: anataka tramadoli, na nyingi, sababu mugongo yake ni ya muchuuzi na haipumziki. Mama Neema akanivuta pembeni, anataka ile ya kutobeba mimba, na bwana yake asijue, na muke wangu asijue, na mi mwenyewe nikiweza nisijue. Pastori alitaka dawa ya kuku zake.

Nikapokea yote. Ningekataa namna gani? Hawa njo watu wenye wanasukuma mulango yako siku ya kilio.

Harusi ilikuwa nzuri, nilicheza mpaka goti ikasema inatosha. Kesho yake nikaingia mu farmasi, nyumba nzuri, na vioo, na binti mwenye koti nyeupe. Nikamuomba zile nyeupe na zile za mugongo.

— Baba, karatasi ya daktari iko wapi?

Nikamuambia kwetu karatasi ni ya kufungia dawa.

Hakucheka. Akasema dawa hizi mbili ni za kulindwa, kila moja anaandika nani alitoa na nani alipokea, na bila karatasi yenye jina yangu hawezi. Nikamuonyesha franga. Akanionyesha mulango.

Nilitoka nikitikisa kichwa. Nikawaza, hii inchi farmasi inafukuza wateja, watakula nini?

Chini ya barabara kuko mutu anauza vitana, mabetri na miwani. Nikasimama kuchagua kitana, akaniuliza natafuta nini kingine. Nikamuambia. Akainama chini ya meza, akanitolea yote. Hakuuliza jina, hakuuliza ugonjwa.

Ilinifurahisha, wakuu. Mutu anauza dawa pamoja na vitana, mi nikafurahi.

Sasa angalieni akili yangu. Begi ilikuwa imejaa zawadi ya harusi. Boxe za dawa zinakula nafasi. Nikatupa boxe zote, nikatoa vidonge vyote mu karatasi yake, kimoja kimoja, nikamwaga mu kopo moja ya maziwa ya unga. Ya Zakaria, ya Kasereka, ya Mama Neema, yote pamoja kama mahindi na maharagi. Ya kuku ilikuwa unga mu kipakiti yake, nikaiweka juu. Nikawaza, tutachambua nyumbani.

Jina ya barrière naiacha, sababu yule mama mwenye atakuja mu hadithi ako na kazi na watoto.

Alikuwa afande wa kike, munene, mupole ya uso, upande ya Uganda. Alifungua begi yangu, akasifia vitenge, akafungua kopo akafikiri ni maziwa. Akamwaga ku meza. Meza ikawa rangi-rangi.

— Mzee, hizi ni za nani?

— Zangu, afande.

— Zote?

— Zote.

Akasukuma kidonge moja na ncha ya kalamu.

— Hii inatibu nini?

— Kichwa.

— Mzee. Hii wanawake wanameza wasishike mimba.

— Njo kichwa yenyewe, afande. Niko na watoto tisa.

Akageuka kando, mabega yanacheka. Nikaona nimeokoka. Akashika kile kipakiti ya unga.

— Na hii?

— Ya... kifua.

— Hapa wamechora kuku.

Wakuu, niliikumbuka ile paka. Nilikuwa nimesimama tena Iga Barrière, naita kitu sijui jina yake.

Halafu akafika ku zile nyeupe. Akaangalia alama yake, akalinganisha na zile za mugongo, akaanza kuzitenga mafungu. Fungu ikawa kubwa. Mabega ikaacha kucheka.

— Daktari wako ni nani?

Nikaanza kukunja vitenge.

— Boxe iko wapi? Karatasi?

— Nilitupa.

— Mzee, mwenye alikuuzia bila karatasi amevunja sheria. Wewe kununua, umevunja. Sasa unavusha mupaka, hiyo ni kesi ingine tena. Na hii wingi, hakuna hakimu ataamini ni ya mtu mmoja. Hata marehemu halali hivi. Watasema wewe ni muuzaji.

— Mi muuzaji? Mi sijui hata majina yake!

— Hiyo ndiyo wanasema wauzaji wote.

Akanieleza mukubwa wake anakuja mchana na gari, kupeleka watu ku tribinali. Asubuhi ile walishapeleka kijana moja wa kwetu, na yeye alikuwa na kidogo kuliko mi.

Hapo nikaacha heshima ya komisio. Nikasema yote: Kasereka, Mama Neema (bwana yake kama anasoma hapa, ni Mama Neema mwingine), pastori na kuku. Halafu nikamuambia juu ya Zakaria.

— Analala na viatu?

— Buti ya mvua, afande. Hata kiangazi.

Akakusanya vidonge polepole, akarudisha mu kopo, kopo mu begi, begi chini ya meza. Nikamuomba zile za Zakaria tu, kidogo, hata za juma moja. Akasema hapana, na alisema vibaya, kama mutu anajikasirikia yeye mwenyewe. Karatasi yangu ya kuvuka akaiweka ku kiti ya karibu na mulango. Akasimama.

— Naenda kula. Nikirudi, nataka nikute hii begi hapa.

Akatoka.

Na mi nikakaa. Nililinda ile begi, wakuu! Mbuzi moja alisogea, nikamufukuza. Mutu moja akataka kuweka mizigo yake chini ya ile meza, nikamukatalia, hapa ni pa serikali.

Mama akarudi ananuka samaki. Akasimama mu mulango.

— Mzee, uko bado?

— Niko, afande. Begi iko salama, hakuna mutu aligusa.

Akaweka mikono yote mbili juu ya kichwa.

Hapa nisimame kidogo, sababu mbele sitapata nafasi ya kusimama.

Munganga wa hapa Bunia, njo daktari, nilipomueleza baadaye, alinigombeza kama mutoto. Alisema angemuona Zakaria siku ile ile ningemupeleka, kumbe dawa ile inatolewa kwa kipimo, siku kidogo, na mutu wa kumuangalia, si ya kujaza kopo. Na mwenye anasafiri na dawa kama ile anabeba karatasi ya munganga, jina yake mwenyewe, dawa mu boxe yake, ya kumutosha yeye, na anauliza kwanza sheria ya inchi anaenda. Kwetu ukinunua bila mutu kukuuliza, usifikiri na kwingine ni hivyo. Na kubeba ya jirani, hata kama jirani ni wa kweli, ku tribinali yule jirani hayupo, uko weye. Na penye wanauza vitana, nunua kitana.

Papa Kasereka hakunisalimia muda murefu. Mama Neema alizaa mutoto mwanaume, wakamuita jina yangu, bwana yake haelewi mpaka leo kwa nini. Zakaria anaonana na munganga, na kila juma anaenda kukaa na wenzake wenye walikimbia, wanaongea. Buti ya kushoto siku hizi anaivua kulala. Ya kuume bado. Tunangoja.

Mwenye alipatwa na yake ku mupaka aandike hapa chini, na mwenye anajua sheria aongeze, mi nimesema yenye najua.

Basi. Afande akashusha mikono.

— Mzee. Mkubwa amepiga simu, gari iko njiani. Sasa mimi naenda kunywa chai. Nimesema nikirudi nikute nini?

— Begi, afande.

— Nimesema nikute mzee?

Nilifikiri.

— Hapana, afande.

— Basi.

Akaenda. Hakugeuka nyuma.

Niliangalia begi. Vitenge vya harusi vilikuwa mule, na usingizi ya shemeji yangu. Niliinama, nikashika mukanda yake. Nikasikia gari inapanda mulima, mbali bado, lakini inapanda.

Nikaacha mukanda. Nikachukua karatasi yangu ku kiti, nikatoka, nikavuka barabara. Sikukimbia, nilitembea tu. Majani ya upande wa pili ilikuwa ya inchi yetu.

Mwenye anapita kule aangalie kama ile begi ingali chini ya meza, na amusalimie mama. Mi sitaenda.