Nuksi ya Gildo, Mwindaji wa Mto Aruá

Ndugu yangu Astrogildo, ambaye mto mzima wa Aruá unamwita Gildo, alizaliwa mwongo akakua mwindaji, na kazi hizo mbili hakuzitenganisha kamwe. Nguruwe mwitu aliyemuua alikuwa mkubwa kama ng'ombe. Aliyemkosa alikuwa mkubwa kama kanisa. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: miaka yote hiyo sufuria ya mkewe Dorvalina haikukosa nyama, na mimi dada yake mjane nilikula humo humo, kwa hiyo uongo wake niliumeza pamoja na mchuzi.

Kisha akanunua jenereta. Alisema ni kwa ajili ya friza, na friza ni kwa ajili ya nyama: ndezi, nguruwe mwitu, na mutumu, yule kuku mkubwa mweusi wa msituni. Pamoja na friza ikaja spika yenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Tangu siku hiyo, kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka watu wanapanda machela zao za kuning'inia kulala, kijiji cha Curimbó kikawa kinasikiliza nyimbo za wanaume walioachwa na wake zao. Hata Mtakatifu Benedito pale kanisani angehama, kama miguu yake isingekuwa ya plasta.

Wanyama miguu yao si ya plasta. Mutumu waliozoea kudonoa nyuma ya kibanda cha kukaangia unga wa muhogo walitoweka kwanza, wakafuata tumbili, kisha ndezi. Mamba mzee wa kijito chetu, ambaye hata padri na maji yake ya baraka hakumsogeza, naye akajiondokea. Gildo akawa anaingia msituni mkavu anatoka amelowa, mabega matupu. Ndani ya friza mlikuwa na barafu, chupa ya pombe ya miwa, na viatu vya Dorvalina, aliyeviweka humo ili, alisema, chombo cha watu kisikae bure.

Mtu mwingine angezima mashine akasikiliza. Ndugu yangu aliketi akatafuta mchawi. Kwetu mwindaji asiyepata kitu ana panema, yaani nuksi, na panema haiji yenyewe: yupo aliyeileta. Mbwa akikojolea mifupa ya windo, panema. Mwanamke mjamzito akila windo lako kwa inda, panema kubwa zaidi. Na nyumbani kwake alikuwemo mjamzito mmoja, Jucileide, mke wa mwanawe Valdeci anayefanya kazi kwenye meli ya mizigo. Tumbo lile lilikuwa na mjukuu wa kwanza wa Gildo, ambaye babu mtu alikwisha kumfumia machela ndogo kwa mikono yake na kuitundika karibu na ya kwake.

"Ule mguu wa ndezi," akaanza siku moja tukiwa tunakula, "uliula wewe."

"Si uliniwekea mwenyewe kwenye sahani, baba?"

"Nilikuwekea uule kwa moyo mweupe."

"Niliula kwa meno, baba. Moyo hauna nafasi, mjukuu wako amenibana mpaka kooni."

Dorvalina akacheka, na kicheko hicho kiliharibu kila kitu. Gildo alipiga meza unga wa muhogo ukaruka. "Wewe ndiye uliyenifunga! Tangu ule mguu sijaona hata unyoya!" Ilimbidi apige kelele, maana jenereta ilikuwa inanguruma dirishani.

Juci aliinuka taratibu, akafunga nguo zake kwenye shuka. "Haya, nuksi yako inaondoka. Tuone kesho utaua nini." Akashika kasia, akavuka mto kwenda kwa mama yake, Iraci, tumbo mbele, mchana kweupe. Dorvalina alimwita mpaka sauti ikamkauka. Gildo aliitazama ile machela ndogo, akaenda kuongeza mafuta.

Kesho yake hakuua kitu. Akaja kwangu, maana mfukizaji wa panema hapa ni mimi. Nilimkalisha kwenye gogo, yeye, bunduki na mbwa, nikawasha kipande cha kichuguu kikavu chenye pilipili na kitunguu saumu. Mbwa, aliyekuwa na akili kumzidi bwana wake, alipiga chafya akakimbilia mtoni. Gildo alivumilia, amefumba macho.

"Naiona inatoka, dada!"

"Hayo ni makamasi, Gildo. Zima jenereta."

"Jenereta na mambo ya kiroho wapi na wapi?"

Dawa haikushika. Kilichosaidia ni kwamba jenereta ilikufa yenyewe, na kipuri kikabidi kiagizwe mjini. Mwanzoni ule ukimya ulituwasha masikio. Kisha vyura wakarudi, na kabla mwezi haujaandama tena mutumu walikuwa wanaguna nyuma ya kibanda cha unga. Kwenye shamba langu la muhogo nikakuta nyayo za tapiri, yule mnyama mnene mwenye pua ya kuning'inia, na kando yake nyayo ndogo. Gildo akatembea kifua mbele.

"Moshi wako umefanya kazi, dada."

"Moshi gani unaokwenda polepole kuliko meli ya mizigo?"

"Mambo haya yana wakati wake."

"Basi kamrudishe mkwe wako, siku zake zimekaribia."

"Akirudi yeye, na nuksi inarudi."

Kipuri kikafika. Akakifunga, sisi tumesimama ukingoni tunaosha vyombo. Akavuta kamba, jenereta ikapiga yowe, na papo hapo kwenye majani ya maji, chini kidogo ya jiko lake, tapiri akachomoka na mwanawe mwenye mistari. Walikuwa pale muda wote wakijilia zao. Waliogelea wakavuka, mama akimsukuma mtoto kwa pua, wakapanda ukingo wa upande wa kina Iraci.

"Umefukuza mutumu, umefukuza tumbili, umefukuza mkwe," Dorvalina akasema, sufuria mkononi. "Sasa hata tapiri kahamia kwa Iraci. Au naye alikula mguu wa ndezi?"

Gildo alielewa, nilimwona usoni. Lakini mwanaume aliyeumbuka mbele ya mke na dada hana pa kuweka uso. Aliongeza sauti ya spika. Ikalia kutwa, na kesho yake kutwa, mpaka mafuta yakaisha. Ndipo akaja kwangu, kofia mkononi.

"Nisindikize ng'ambo, dada. Nitamwambia ukweli."

"Mbele ya Iraci?"

"Hata mbele ya Iraci."

Nilimhurumia, maana ulimi wa Iraci unaparua magamba ya samaki.

Tulimkuta Juci barazani, amejilaza kwenye machela, amejifunika shuka. Hakuinuka. Gildo alisimama wima, bunduki begani, akayasema yote: "Hukunifunga, mwanangu. Ni kelele zangu. Nimekukosea, nisamehe." Tumelala machela moja utotoni, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Juci akafunua shuka. Kifuani alikuwa na mtoto mchanga, wa kike, ngumi moja shavuni.

"Kazaliwa juzi," akasema.

"Juzi! Na hamkutupa habari?"

"Habari gani tena?" Iraci akadakia toka jikoni. "Tulirusha fataki mbili, za mtoto wa kike. Mto mzima ulijibu. Hata Bernardino na ulevi wake alijibu. Tukangoja ya babu."

Kwetu babu asiyejibu fataki amemkataa mtoto.

"Sikusikia," Gildo akasema. "Haki ya Mungu sikusikia."

"Sisi tulikusikia wewe," Juci akasema. "Kutwa. Nilimnyonyesha kwa nyimbo zako, nikamwambia, mwanangu, babu yako anakukataa kwa muziki."

Ndugu yangu akalia pale pale, bila kujificha. Akaishusha bunduki begani, akaielekeza juu ili azijibu zile fataki.

"Usithubutu," Juci akamwambia. "Ndiyo kwanza kalala."

Gildo akailaza bunduki chini. Akaketi sakafuni karibu na machela, akaziba mdomo kwa kiganja ili kwikwi zisimtoke, akangoja mtoto aamke.