Nilimposa mtani wangu kwenye basi la Magomeni, abiria wote wakacheka

Wakuu, nawasalimu nyote, na wale wanaosoma tu bila kuchangia nao nawasalimu, maana mimi ni mwenzao wa miaka mingi.

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kweli tupu. Mnivumilie, niliishia darasa la nne, naandika polepole, na hii simu ya kugusa inanisumbua kwa kidole changu kikubwa. Uzi huu nimeuandika siku tatu.

Juzi kijana mmoja humu alieleza alivyoizunguka Dar nzima kwa daladala ndani ya siku moja. Nilifurahi sana. Halafu nikakosa raha mpaka jioni.

Maana na mimi niliwahi kuuzunguka mji huu kwa basi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilitoka Tabora nikafikia kwa kaka yangu, Kariakoo. Yeye alikuwa kuli bandarini. Mimi nilipata kazi kwenye duka la Mhindi mmoja fundi cherehani, kazi yangu kushona vifungo na kupiga pasi. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa naona vifungo na mkaa wa pasi, basi.

Jumapili ndiyo ilikuwa yangu.

Nilikuwa mwoga wa watu. Kumuuliza mtu njia nilishindwa. Kwa hiyo nikabuni njia yangu: napanda basi pale sokoni, nakaa dirishani, nakwenda mpaka mwisho wa safari, nashuka, nanyoosha miguu, narudi na basi lile lile. Jumapili moja Posta, nikatazama meli kupitia uzio. Jumapili nyingine Ilala. Hivyo ndivyo nilivyoujua mji, kwa dirisha.

Mabasi yale yalikuwa mafupi, viti vya mbao. Kondakta alivaa kofia na kukata tiketi kwa kikoleo. Watu walikaa, wakasalimiana. Msinicheke, lakini mtu akishuka aliaga.

Sasa Jumapili ya nne au ya tano nikapanda la Magomeni.

Mbele yangu aliketi msichana mwenye kapu la chakula. Kondakta, mtu wa maneno mengi, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tabora.

Yule msichana akageuka mzima mzima.

"Mnyamwezi! Babu zako walibeba mizigo ya watu kwa miguu tangu bara mpaka pwani, leo wewe unabebwa? Teremka utembee, unawaaibisha wazee."

Basi zima likacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mjibu, bwana," kondakta akaniambia. "Huyu Mzaramo, ni mtani wako. Ukinyamaza unamvunjia heshima."

Vijana wa leo wengi mnajua utani wa mpira tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kuchukua kitu chako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Lakini siku ya msiba, mtani ndiye anayekuja kukushikia jembe la kaburi na kukuchekesha ukiwa umekata tamaa. Ni undugu, ila umevaa nguo za ugomvi.

Mimi haya nilikuwa nayajua. Kinywa tu ndicho kilikataa.

Nilikuwa nimenunua mikate midogo minne. Yule msichana akainyakua, akawagawia abiria wa nyuma. "Kuleni, mtani wangu ametoa sadaka. Ni bubu, lakini ana roho nzuri."

Jina lake Tatu. Umri wetu ulikuwa sawa. Alikaa na bibi yake mtaa wa Gerezani, bibi alikuwa msuka mikeka. Kila Jumapili Tatu alimpelekea chakula shangazi yake wa Magomeni, aliyekuwa na maradhi ya miguu.

Wakuu, baada ya siku ile sikupanda tena basi la Posta wala la Ilala.

Wiki nzima nikishona vifungo nilikuwa natunga majibu. Mengine niliyaandika kwenye karatasi za kufungia vitambaa, herufi moja moja. Jumapili nikifika mbele yake yote yananipotea. Ilichukua kama mwezi ndipo nikaweza kusema, "Nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnaacha hata chungu jikoni."

Kondakta alipiga makofi. Tatu akasema, "Alhamdulillahi, bubu amepona."

Kuanzia hapo aliniachia nafasi kwenye kiti chake. Akawa ananionyesha mji. Huu ndio mto Msimbazi. Pale wanajenga nyumba mpya za kota. Yule mama mwenye genge ana waume wawili, mmoja hajijui. Mengi alikuwa ananidanganya kwa sababu ya utani, na mimi niliyaamini yote. Mpaka leo nikipita Magomeni yapo majina ya vichochoro ninayoyajua mimi tu, kwa kuwa aliyabuni yeye.

Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Sikuwahi kumgusa hata mkono.

Kilichokuwa kinaniumiza ni hiki. Alikuwa ananiita "mume wangu" mbele ya watu. Lakini hata kondakta alimwita mume wake, na dereva, na mzee mmoja muuza kahawa. Nitajuaje mimi nani? Na mimi nikimwambia ninampenda, atajuaje kwamba sitanii?

Halafu nikasikia kondakta akimtania kwamba kuna mtu wa Kisarawe anauliza habari zake kwa bibi. Tatu akajishughulisha na kapu lake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza namwona anakosa jibu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa masika. Tulipofika Jangwani maji yalikuwa yamepita juu ya barabara, dereva akazima injini tusubiri yapungue. Mvua inapiga bati la basi. Nikajiambia, leo au basi.

Nikasema, "Tatu, nataka kukuoa."

Nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Abiria wote walipasuka kwa kicheko. Mama mmoja akapiga kigelegele. "Leo Mnyamwezi ameshinda!" kondakta akasema. "Haya Tatu, jibu hilo."

Tatu aliangalia maji nje. Kisha akasema, taratibu:

"Ukinitaka, mlete kaka yako Ijumaa baada ya sala. Ulizeni kwa bibi Mwajuma msuka mikeka, Gerezani. Atakuwa barazani. Tutapika."

"Na mimi nije?" kondakta akauliza.

"Wewe njoo na sahani yako, na uioshe mwenyewe."

Basi likacheka tena. Na mimi nikacheka. Wakuu, kile kicheko changu ndicho kilichonimaliza, na nilikitoa kwa aibu tu.

Maji yakapungua, tukaendelea. Alipokuwa anashuka alinitazama akasema, "Ijumaa." Neno moja.

Nilimweleza kaka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mtani amekualika ukapose, na wewe unauliza kama twende? Wewe mtoto! Mwenzetu mmoja hapa bandarini alialikwa karamu na watani zake, akavaa kanzu, akafika akakuta wamepanga sahani tupu, wanamsubiri wamcheke. Mpaka leo anaitwa Bwana Sahani."

Nikasema, "Lakini alisema kama..."

"Kama nini? Kama mtani. Ndivyo wanavyosema."

Bila kaka, posa haiendi. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, niliona afadhali nibaki sijui kuliko nisimame mbele ya baraza lile nichekwe na mtaa mzima. Ijumaa nilishona vifungo. Nilijichoma kidole mara nyingi siku ile.

Jumapili nilipanda basi na majibu yangu tayari. Nilitaka kumwambia, "Nimewakwepa, sahani zenu tupu mmekula wenyewe?"

Hakuwemo. Jumapili ya pili hakuwemo. Kondakta alinikatia tiketi bila neno, na yule mtu hakuwa wa kukosa neno.

Baada ya wiki kama sita nilijikaza nikapita Gerezani. Bibi alikuwa barazani, ameinamia ukili wa mkeka wake. Nikasema, "Shikamoo bibi." Akasema, "Marahaba." Akaendelea kusuka. Nikapita. Nilijiambia hanijui.

Kiangazi kiliisha, vuli ikaja. Siku moja kondakta alikuja mpaka dukani kwetu. "Bibi Mwajuma amefariki. Watani mnatakiwa. Usipokwenda na huku, basi wewe si mtu."

Nikaomba ruhusa kwa yule fundi, nikaenda.

Tuliomba dua, tukachimba, tukazika. Tuliporudi, kama ilivyo desturi, mtani mmoja anavishwa nguo za marehemu na kumwigiza ili wafiwa wacheke. Watu wakatafutana. Shangazi wa Magomeni, yule wa miguu, alikuwa ameketi mlangoni. Akaninyooshea kidole, bila shaka Tatu alishamweleza. "Yule pale. Yule."

Wakanitanda kanga za bibi, wakanikalisha barazani mahali pake, wakanipa ukili. Mimi mwoga wa watu! Nikainama, nikajifanya nasuka, nakohoa kama yeye. Wanawake wakaanza kucheka kidogo huku wanafuta machozi.

Tatu akatoka ndani. Alikuwa ameolewa Kisarawe. Ilionekana ni mjamzito.

Alikuja mpaka mbele yangu, akapiga magoti kama mjukuu anavyompigia bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikasema kwa sauti ya kizee. Wakacheka.

"Bibi, wale wageni wako wa Ijumaa walishafika?"

Watu wakacheka zaidi. Na mimi nilidhani ni utani, sikuinua hata kichwa. Ndipo nikasikia shangazi akisema kutoka mlangoni, taratibu tu, kama anaongea peke yake:

"Marehemu alichinjisha jogoo wake Ijumaa ile. Wali tuliupika sisi. Akakaa hapo hapo mpaka magharibi, kila kanzu ikipita anasema ndio hao."

Vicheko vikapungua. Wote wakawa wananitazama, wanasubiri jibu, maana mtani hakosi jibu.

Tatu bado alikuwa amepiga magoti. Uso wake haukuwa na hasira. Nilitaka kumwambia mambo mengi, lakini nilikuwa nimevaa kanga za bibi yake na watu wamejaa.

Nikasema kwa sauti ile ile ya kizee, "Hawajafika, mjukuu wangu. Nimewangoja. Ni wajinga wale."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Tatu alicheka, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akainuka, akaingia ndani.

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia Tatu, na hata hilo sikulisema kwa sauti yangu.

Nilioa baadaye, mke mwema, Mungu amrehemu. Nimepata watoto na wajukuu, silalamiki. Lakini juzi nilivyosoma ule uzi wa daladala, nilijikuta nahesabu vituo vya Magomeni kwa majina aliyonidanganya.

Nilichojifunza ni hiki: kuna watu hawana namna ya kusema jambo zito isipokuwa wakicheka. Ukialikwa kwa utani, nenda. Kama ni utani, utachekwa siku moja, utapata jina baya, yataisha. Bwana Sahani alichekwa, lakini alijua. Mimi sikuchekwa na mtu, na nimeishi na ile Ijumaa zaidi ya miaka sitini.

Sasa nyie wakuu, hasa mliooa au kuolewa na watani zenu: mlijuaje kwamba mwenzenu ameacha kutania? Andikeni. Nitasoma yote, ila kujibu nitachelewa.