Prosesa ya core 16 kwenye sola ya kinyozi: yaliyonikuta Nakivale

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni msomaji tu wa jukwaa hili, sijawahi kufungua uzi. Nimefungua huu kwa sababu kila mara mtu anauliza "core 8 au core 16 kwa kazi za video?" na wanaojibu ni watu wenye umeme wa kutosha. Nitasema kama ilivyokuwa, hata sehemu zinazonitia aibu, ambazo ni nyingi.

Mnijue kidogo. Niko sekondari, naishi Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda; familia yetu ilitoka Kivu ya Kusini. Ni msichana mwenye haya. Kanisani nikipewa tangazo la kusoma, homa inanishika tangu Jumamosi.

Likizo namsaidia kaka yangu mkubwa, yaya Espoir (kwetu yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto), kwenye studio yake ya video za harusi. Studio ni chumba kimoja cha bati, meza, na benchi la wateja.

Sasa, harusi za huku.

Ndugu wengi wamepelekwa nchi za mbali, na wao ndio huchangia sherehe. Kwa hiyo wanataka kuona yote. Ukikata hotuba ya mjomba, wanapiga simu kuuliza mjomba amekosa nini. Halafu upande wa bibi harusi wanataka video yao, ambamo watu wao na zawadi zao wanatangulia. Upande wa bwana harusi vilevile.

Kila harusi ni video mbili, na kila moja ni ndefu kama siku yenyewe.

Laptop yetu ilikuwa inazi-render, yaani kuzitoa zikiwa video kamili, moja moja. Wateja walikuja kukaa kwenye benchi wakitazama asilimia. Haikusaidia.

Yaya akaamua tununue desktop ya kazi. Kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa majukwaa, kuchagua prosesa nikaachiwa mimi. Sitaji kampuni, nisije nikaanzisha vita.

Kwa wasiojua: core ni kama mtu wa kumenya ndizi kwenye sherehe. Wakiwa kumi na sita wanamaliza haraka kuliko wanane, ila tu kama kuna ndizi na visu vya kuwatosha wote. Sufuria ikishawekwa motoni, hata wawe mia, ndizi zinaiva kwa wakati wake. Programu za video ziko hivyo. Kuna kazi ya kumenya na kuna kazi ya sufuria.

Tukaenda mjini Mbarara na kipande cha harusi kwenye flash.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alituonyesha mashine mbili: ya core 8 yenye taa za rangi, na ya core 16 nyeusi tii, haina hata taa moja. Akafungua dirisha la visanduku vidogo, kila kisanduku core yake.

"Bosi, ona! Hii iko na core mingi. Hii si kompyuta, hii lori!"

Nilitaka tupime kwa kazi yetu, si kwa visanduku. Nikamwambia yaya sikioni, yaya akamwambia muuzaji kwa sauti.

"Kwa nini nyabo haongei na mimi?" muuzaji akauliza. Nyabo ni bibie, yaani mimi.

"Anaongea," yaya akasema. "Lakini kidogo kidogo."

Video moja peke yake: mashine zote mbili karibu sawa. Muuzaji hakupenda, maana lori ndilo alilokuwa amelisifia.

Video mbili kwa pamoja: ile ya core 8 ikaanza kujikokota, ya core 16 ikaendelea kama haijaambiwa kitu.

Kazi yetu siku zote ni video mbili. Nikamnong'oneza yaya: kumi na sita. Tukainunua. Nilijiona mtaalamu, na hali hiyo ilidumu mpaka tulipofika nyumbani.

Umeme wetu ni wa Papa Nadine, yaani baba yake Nadine, kinyozi wa mlango wa pili. Sola ni yake, betri ni zake, inveta ni yake. Sisi tumevuta waya tu kwa makubaliano.

Kulikuwa na harusi inasubiriwa na pande zote mbili, na yaya alikuwa ameshawapa neno lake. Nikabonyeza video zote mbili. Core zote kumi na sita zikajaa. Feni ikanguruma. Inveta ikalia piii, kisha kimya.

Kumbe kwa jirani kulikuwa na mwalimu wa kwaya kwenye kiti, ameshanyolewa upande wa kushoto. Alikuja na taulo shingoni, akakaa kwenye benchi letu, akatazama skrini iliyozimika. Alikaa tu.

Papa Nadine akawasha upya, akammalizia. Tukajaribu tena. Ikazima tena, safari hii na mtu mwingine kwenye kiti.

Papa Nadine akaja na mashine ya kunyolea mkononi.

"Espoir, ile mashini yenu inakulaka nini?"

"Umeme, papa."

"Umeme ya nani?"

Yaya akautazama waya.

"Batu banaanza kuniita Papa Nusu. Ikizimisha tena mara moja tu, nakata ule waya. Na usinitumie pasta kuniomba!"

Bila waya ule hakuna studio. Yaya akasema kesho tunarudi Mbarara kubadilisha tuchukue ile ya core 8. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nikarudi kusoma, humu humu jukwaani. Nikaona kosa langu. Dukani nilipima mbio, sikupima kiu. Ikijaa core zote, prosesa yetu peke yake inavuta zaidi ya wati mia mbili, bila skrini na vingine. Kule Mbarara ilikuwa imechomekwa kwenye umeme wa gridi, nani angesikia?

Lakini kwenye uzi mmoja wa zamani mkuu fulani alieleza kwamba prosesa hizi zinatoka kiwandani zimesukumwa mpaka mwisho, na zile mbio za mwisho ndizo zinakula umeme mwingi. Ukiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla mashine haijawaka vizuri, unaweza kuiwekea kikomo cha wati.

Nikaibana hadi karibu nusu ya wati zake. Asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa, nika-render kipande. Kilichelewa kidogo sana, hadi nikarudia nikidhani nimekosea. Wamenyaji kumi na sita wanaomenya taratibu wanafanya mengi kuliko wanane wanaokimbizana, na hawali sana.

"Na kinyozi akiwasha yake?" yaya akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali. Ilibidi tupime saluni ikiwa kazini, na hakuna mteja aliyekubali kukaa kwenye kiti kile studio ikiwa imewaka. Habari zilishafika mbali. Yaya ana upara.

Nikabaki mimi.

Shule yetu wasichana lazima turudi na nywele fupi. Nilijua zitanyolewa, ila nilikuwa nimesuka vizuri na nilitaka Jumapili moja zaidi nazo. Nikazifumua mwenyewe, nikaenda mlango wa pili peke yangu.

"Papa Nadine, uninyoe. Mashine yetu ikiwa inafanya kazi."

Akanitazama. "Weye unaongeaka?"

"Leo."

"Na ikizimika?"

"Nitabaki hivyo hivyo. Na waya utakata."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi njo nianzie katikati. Uone vile batu bangu banaonaka."

Na kweli akaanzia katikati, kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Yaya akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Nimebonyeza zote mbili!"

Feni ya inveta ikapanda. Mashine ya kunyolea ikabadilisha sauti, ikawa nzito. Mkono wa Papa Nadine ukasimama hewani. Mlangoni mama mmoja akasema, "Mama weee, huyu atabaki na barabara ya Isingiro kichwani."

Kisha sauti ikarudi kawaida.

Akaendelea upande wa kulia, akaenda wa kushoto, akamalizia nyuma ya masikio. Yaya alikuwa anatangaza asilimia kutoka nyuma ya ukuta kama mtangazaji wa mpira. Kichwa kiliisha kabla ya video. Nikabaki nimekaa, naogopa hata kusogea, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatazama akanigusa bega.

"Toka basi, mtoto. Ni zamu yangu."

Akakaa. Studio ilikuwa bado imewaka. Papa Nadine akamfunga taulo, na neno la waya halikutajwa tena.

Funzo, wakuu: kupima kwa kazi yako mwenyewe ni vizuri, lakini pima pia pale mashine itakapoishi. Kabla ya kuuliza core ngapi, uliza nani mwingine yuko kwenye waya ule.

Wenye uzoefu wa core nyingi kwenye sola, niambieni: mmebana mpaka wapi? Yaya ameonja, sasa anataka harusi mbili kwa pamoja, yaani video nne. Jibuni hapa hapa chini, kwa PM, ujumbe wa faragha, naona aibu. Nami sijamwambia Papa Nadine. Kichwa cha kupimia sina tena.