Mashine Iliyo Tumboni Mwangu

Nilikaa kuandika haya ili nimtaje shemeji yangu, dada wa mke wangu, kuwa ndiye aliyetaka kuniua. Nimeishia darasa la tano, lakini kumtaja aliyenikosea hakuhitaji cheti.

Mimi ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Mwaka juzi mkanda ulinivuta mkono wa kulia ukaondoka na vidole viwili. Hospitali wakanishona, wakanipa vidonge vya kodeini: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Shemeji akaja kutoka Mofu kunipa pole, akaiona paketi, akacheka.

"Hizi? Shemeji, hizi nilimeza nilipopasuliwa kidole tumbo, bora ningetafuna karanga. Meza viwili viwili kama mwanaume."

Nikameza viwili kama mwanaume. Maumivu yakapungua, na mimi kwa tamaa nikataka yaishe kabisa, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana nikaongeza vingine viwili. Nikajilaza mkekani. Mke wangu anasema nilivuta pumzi moja, yeye akapepeta ungo mzima wa mchele, ndipo nikavuta ya pili. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Nilizinduliwa hospitalini kwa sindano.

Daktari alikuwa binti mdogo. Aliniamkia shikamoo huku akinishikilia mpira wa hewa puani, kisha akauliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu alifurahi, kama vile nimempunguzia kazi.

"Basi baba, kodeini ni mpunga. Mpunga wenyewe haumshibishi mtu. Ini ndilo linaloukoboa, mchele unaotoka ni mofini, na mofini ndiyo inayotuliza maumivu. Ikizidi inatuliza mpaka pumzi. Shemeji yako ini lake limelegea mkanda: anaingiza mpunga, unatoka mpunga. La kwako lina kasi. Linamwaga mchele kabla figo hazijawahi kuufagia kwenye mkojo."

"Kwa hiyo mashine yangu ni nzuri kuliko yake?"

"Nzuri mno, baba. Ilibaki kidogo ikuzike." Halafu akaacha kucheka. "Waambie watoto wako wasiziguse hizi. Mashine za namna hii zinarithiwa."

Sikuwaambia. Siku niliyorudi kazini, wabeba magunia walinipokea kwa vigelegele: "Teja kaamka! Teja kaamka!" Nikaona hapana. Nikawatangazia kwamba ile ilikuwa pombe, nilichanganya na dawa kwa ujinga wangu, na nyumbani nikasema hivyo hivyo. Wote wakaridhika. Mtaani kwetu mlevi ana heshima zake, anaweza hata kupewa uenyekiti wa kamati ya mazishi. Teja, mtumwa wa dawa za kulevya, hapewi hata kiti cha kukalia msibani. Paketi iliyobaki nikaiacha kabatini. Nani anatupa dawa nzima?

Mwaka huu binti yangu alijifungua kwa upasuaji, akaja kwetu kulelewa. Shemeji naye akaja, maana mzazi akiwepo yeye haitwi. Siku ya saba nikatoka mashineni kwenda kula, nikamkuta ukumbini ameshika mtoto, amejaa sifa.

"Mjukuu wa baraka huyu! Tangu jana hasumbui. Kunyonya kwenyewe anabembelezwa."

Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kinaanguka, macho nusu. Pembeni ya chupa ya chai nikaiona paketi ninayoijua.

"Nani kampa hizi?"

"Mimi. Mshono ulikuwa unamliza tangu juzi. Si karanga tu hizo? Hazina neno kwa anayenyonyesha."

Nikaufinya unyayo wa mtoto. Aliuvuta polepole, kama mzee anayetafuta kandambili. Hakulia.

"Haikuwa pombe," nikasema.

"Pombe gani?"

"Mwaka juzi. Ni hizo zilizoniangusha. Ini langu linazikoboa haraka, huyu ni mwanangu, na mtoto ananyonya kwake."

Shemeji, mtu asiyekosa la kusema hata kanisani, alitoka na mtoto peku mpaka kwenye bajaji.

Tukamkuta daktari yule yule. Safari hii hakuniamkia. Aliweka mpira mdogo kwenye pua ndogo, akaamuru maziwa ya binti yangu yakamuliwe na kumwagwa mpaka dawa itoke mwilini. Kisha akanigeukia: "Nilikwambia uwaambie."

Siku mbili tulikaa kwenye benchi tukikitazama kifua kile kikipanda na kushuka. Shemeji alitazama, akalia, akaniuliza kila baada ya muda, "Shemeji, ungesema tu ungepungukiwa nini?"

Siku ya tatu mtoto alilia mpaka wodi nzima ikageuka.

Kwa hiyo mashtaka niliyokaa kuyaandika yameharibika. Shemeji alijua alichoambiwa na tumbo lake. Ini halina akili, linakoboa kinachoingia. Aliyejua yote ni mmoja, naye alinyamaza asiitwe teja na wabeba magunia. Nimeandika kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda: ASIPEWE KODEINI. MAMA YAKE PIA. BABU YAKE PIA.

Sasa mtoto halali. Shemeji analalamika kutwa: "Makelele yote haya kamrithi babu yake!"

"Na ini pia," namkumbusha. Mashineni nimeshawaambia wote. Wanaendelea kuniita teja.