Mzigo Niliopokea Sugar Land

Wanaonijua huyagawanya maneno yangu kwa kumi kabla ya kuyaamini, na siwalaumu. Samaki niliyemvua mimi hukua kila ninapomsimulia. Lakini hili nitakalokueleza usiligawanye. Lichukue lote kama lilivyo, kwa sababu mwenzangu bado analilia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mchana nilikuwa nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, jioni nasoma chuoni Richardson. Pale chuoni alikuja kocha mmoja kutoka majimbo ya baridi, mtu aliyelala akiota theluji, akaanzisha timu ya skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni. Ndiyo, skii, Texas! Theluji haipo, kwa hiyo tulifungwa miguuni skii fupi zenye magurudumu, tukapewa fimbo mbili za kujisukumia, tukaachiliwa kwenye lami. Kocha aliposikia natoka Kenya, aliniuliza kama nakimbia. Nikamwambia nilikuwa nikifukuzwa na simba kila asubuhi nikienda shule. Simba wenyewe niliwaonea Dallas, kwenye bustani ya wanyama, lakini akaniandika palepale.

Nami nikamvuta Musafiri, rafiki yangu wa darasani, Mkongomani wa Bukavu. Alikuwa akibeba maboksi kwenye ghala na kuishi na mama yake mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, wawili tu, kwenye ghorofa ya pili. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, ingawa nilimzidi miaka michache tu, na akili sikumzidi hata kidogo.

Wikendi moja tulikuwa na mashindano mawili. Jumamosi, Dallas, tulishika mkia. Nilianguka mara elfu moja, na Musafiri akanicheka njia nzima hadi Houston. "Yaya, wale simba wangekukamata," alisema, gari zima likacheka, hata wasiojua Kiswahili.

Jumapili zilikuwa mbio za kupokezana, Sugar Land, kando ya Houston, kwenye barabara ya mtaa mpya ambao nyumba zake zilikuwa hazijaingia watu. Watu watatu kila timu. Anayefika humgusa mwenzake mgongoni kwa mkono, naye huondoka. Kwanza Tyler, kisha mimi, kisha Musafiri.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, ungeweza kuupaka kwenye mkate. Nilisimama mahali pangu nikisikiliza. Magurudumu ya skii hunguruma kama kinu cha posho, ukiyasikia unajiandaa. Sasa niambie, wewe ungefanya nini ukisikia kitu kinakuja bila kunguruma, kinanong'ona tu, kama mtu anachekecha unga?

Akatoka kwenye ukungu. Mrefu, mwembamba, juu ya skii ndefu zisizo na gurudumu hata moja. Nyusi zake zilikuwa na barafu. Mgongoni alikuwa na begi lililomkunja kama mkongojo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kabla mimi sijazaliwa.

Niamini, sikufikiri. Umelelewaje wewe? Mimi nililelewa kwamba mtu akifika na mzigo, unamkimbilia, unampokea, maswali baadaye. Mikono ilitangulia, mdomo ukafuata. "Pole sana," nikamwambia. "Leta nikupokee."

Alinitazama kana kwamba alikuwa akiyasubiri maneno hayo tangu dunia iumbwe. Akavua begi, akaniwekea mikononi, na begi likayeyuka. Uzito ukabaki. Ulipanda mgongoni kwangu ukakaa. Yule mtu akatabasamu kama aliyevuliwa viatu vilivyombana mwaka mzima, na hapo hapo hakuwepo. Kwenye lami ilibaki mistari miwili ya theluji.

Tyler akafika, akanigusa, nikaondoka. Sugar Land ni tambarare kama chapati, lakini mimi nilipanda mlima. Nilibeba gunia la mahindi lililogandishwa. Pumzi yangu ilitoka moshi, na watazamaji wamevaa kaptula. Nusu ya njia nikaelewa: mzigo ule hautuliwi chini. Hupokelewa tu.

Na mbele yangu nikamwona Musafiri, ameinama, ameniandalia mgongo.

Sikumgusa. Nilikata kona nikaingia kwenye nyasi nikaanguka, na mbio zikaishia hapo. Kocha alishika kichwa. Lakini Musafiri alizivua skii zake akaja mbio, akanikuta natambaa na fimbo zangu.

"Yaya, una nini? Leta, nikupokeye."

Nilitaka kumwambia asiguse. Meno yalikuwa yakigongana, neno halikutoka. Alikuwa ameshazishika. Baridi ikanitoka yote mara moja, nikasikia jua mgongoni, na nikaona nyusi za Musafiri zinaanza kuwa nyeupe.

Madaktari walimpima wakakuta hana kitu. Kiangazi kikafika, Dallas ikawaka, naye akawa anabeba maboksi amevaa jaketi mbili. Chai ilishika ganda la barafu kikombeni mwake, na hapo siongezi chumvi. Kila wiki nilikwenda kumwomba anirudishie. Aliikalia mikono yake.

"Uko na bibi, uko na mutoto," alisema, akimaanisha mke wangu na mwanangu. "Mimi niko na nani?"

"Uko na mama."

"Ndiyo maana sitaki aguse hata mufuko wangu."

Na kweli, hakumruhusu tena ampokee mlangoni. Mama akalalamika kwamba Amerika imemharibia mtoto adabu. Akamwuliza usiku na mchana, mpaka Musafiri akachoka kuficha, akamweleza.

Jioni moja ya mwezi wa nane alirudi kutoka ghalani akijikokota na begi lake la chakula. Mama yake alikuwa amesimama chini ya ngazi, kwenye joto lile, amevaa sweta tatu.

"Mutoto wangu, leta," akasema, na kabla hajamaliza alikuwa ameshalichukua.

Musafiri alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa na joto, na alikuwa analia. Sikuwa na haja ya kuuliza.

Sasa mama anakaa jikoni, mlango wa oveni uko wazi, mikono ameificha ndani ya kitenge. Tumempigia magoti. Anasema alimbeba Musafiri mgongoni tangu Bukavu, na huu ni mzigo ule ule.

Wewe unayesoma, akikutokea mtu usiyemjua, amechoka, ana baridi mahali pasipo na baridi, mpe pole umpishe njia. Maneno yale yameze. Kanisani wananiita mshenzi kwa sababu naacha kina mama wapite na mabegi yao, nami nawaacha waseme.

Daktari anasema moyo wa mama umechoka. Siku yake ikifika, jeneza litataka mabega, na wanaume wote wa kanisa watanyoosha mikono kwa adabu. Mimi na Musafiri tumeshaanza kugombana ni nani kati yetu atawahi kulishika.