Kalamu Iliyosita

Karani wa chuo chetu cha ualimu, pale Chumbageni, alikuwa na desturi iliyowachekesha wageni. Kila muhula, kabla wanafunzi hawajarudi, alijifunga kitambaa machoni akaitembea baraza yote akipapasa ukuta, na mtungi uliomgonga goti uliondolewa siku hiyo hiyo. Mwanafunzi mmoja aliyetembea kwa magongo, karani alimhamishia darasa ghorofa ya chini bila kumwomba mtu ruhusa. Vidole vyake vilikuwa na wino usiotoka hata kwa ndimu. Sauti yake ya kukwaruza ililainika alipomsomea Uweso, mwanafunzi wetu asiyeona, maswali ya mtihani. Uweso alitamka majibu, naye akayaandika neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Mwaka ule msimamizi wa mtihani nilikuwa mimi. Swali la nne liliuliza ni mto gani unaotiririka kutoka Kilimanjaro hadi pwani yetu. "Sigi," alisema Uweso. Karani, mzaliwa wa Pangani, mji wenye jina la mto ulioulizwa, alichovya kalamu, akaishikilia juu ya karatasi mpaka tone la wino likaning'inia. Uweso aliinamisha kichwa, akasikiliza. Kisha karani akaandika: Sigi.

Tulipotokea barazani, Uweso alimshika mkono. "Mzee wangu, kwenye swali la nne kalamu yako ilisita. Nikajua nimekosea, na Pangani ikanijia papo hapo."

"Sasa mbona hukubadili?"

"Lingekuwa jibu lako. Kesho, tafadhali, usisite."